Krimu ya karafuu, hoteli ya Diani na neno "imepimwa"

Swali: "Natengeneza krimu ya mwili nyumbani Likoni kwa mafuta ya nazi, siagi ya shea, nta ya nyuki, marashi ya waridi, manjano kidogo, na mafuta ya karafuu matone 40 kwa kila gramu 100. Nimewapa wenzangu 12 wakaitumia wiki mbili. Wote wameipenda, ila mmoja alisema ilimwasha shingoni. Sasa duka la hoteli moja Diani linataka kuichukua, lakini wanataka karatasi ya kuonyesha imepimwa kwenye ngozi za watu. Nataka pia niandike kwamba inalainisha, inang'arisha na kuondoa madoa. Nianzie wapi, na kipimo gani ni cha lazima?"

Jibu:

Dada, anzia kwenye lebo. Chukua karatasi uandike kila neno unalotaka mteja alisome, kisha uulize kila neno linathibitishwa na nini. "Salama kwa ngozi" lina kipimo chake, "inalainisha" lina chake, na "inaondoa madoa" lina chake kirefu, cha gharama, tena chenye matata ya kisheria. Wengi huenda maabara wakaomba tu "kupimiwa krimu", wakalipia kipimo kisichohusiana hata kidogo na walichokiandika kwenye kopo. Jambo la pili: hicho kipimo cha ngozi za watu ambacho hoteli inakitaka ndicho kinachokuja mwisho. Kabla yake krimu yenyewe lazima iwe imetulia. Ukibadilisha kiasi cha karafuu au ukaongeza kihifadhi (kitu cha kuzuia isioze) baada ya kupimwa, unachouza ni krimu nyingine ambayo haijapimwa.

Kwanza hao wenzako 12. Waliyokupa ni maoni, na maoni yana kazi yake: yanakwambia harufu inapendwa, kopo linafunguka, mafuta hayagandi kwenye nguo. Usalama hayakwambii. Hata kama asingewashwa mtu, sifuri katika watu 12 huruhusu kiwango halisi cha wanaodhurika kifike hadi kama asilimia 22. Wataalamu wa takwimu wana hesabu ya haraka: kundi likiwa watu 30 au zaidi na asidhurike yeyote, gawanya 3 kwa idadi yao. Watu 30 wakitoka salama, bado inawezekana asilimia 10 ya wateja wadhurike. Watu 100, asilimia 3. Watu 300, asilimia 1. Na wewe hukutoka na sifuri, ulitoka na mmoja. Mwambie aache kabisa kuitumia, wala asiijaribu tena "kuona kama ni yenyewe". Muulize aliipaka wapi, siku ya ngapi alianza kuwashwa, na kama shingoni hupaka pia manukato au udi wa kupaka. Andika majibu, utayahitaji.

Ningeshuku karafuu kabla ya kitu kingine chochote. Tone moja la mafuta ya aina hii lina kama mililita 0.04 hadi 0.05 kutegemea mdomo wa chupa, kwa hiyo matone 40 ni karibu gramu moja na nusu hadi mbili: krimu yako ina karafuu ya asilimia 1.5 hadi 2. Mafuta ya karafuu, kwa sehemu kubwa, ni eujenoli, kemikali inayojulikana kuwasha ngozi ikizidi na kuzusha aleji kwa baadhi ya watu hata ikiwa kidogo. Kiwango kinachoshauriwa sana kwa kitu kinachobaki mwilini ni asilimia 0.5, yaani nusu gramu kwa gramu 100. Uko mara tatu hadi nne juu. Acha kuhesabu matone. Nunua mizani ya kusoma hadi gramu 0.01, ile ya masonara, na upime kila kitu kwa uzito. Ukiwaza kuongeza ndimu ili ilete harufu, usiweke mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda. Yana viambato vinavyochoma ngozi vikikutana na jua, na mgeni wa Diani atajipaka asubuhi kisha ashinde ufukweni.

Halafu marashi, ambayo ni maji ya waridi. Ingekuwa shauri langu, ningeyatoa. Krimu yenye maji ni nyumba ya bakteria na ukungu, na kwa joto la Mombasa haichukui muda. Ukiacha maji ndani, unahitaji kihifadhi, na unahitaji kuthibitisha kwamba kihifadhi kinafanya kazi kwa jaribio linalofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 11930. Maabara huingiza vimelea vitano kwenye krimu: Staphylococcus aureus, Pseudomonas aeruginosa, Escherichia coli, Candida albicans na Aspergillus brasiliensis, kisha wakahesabu waliobaki siku ya 7, ya 14 na ya 28. Ili krimu ipite kwa daraja la kwanza, bakteria lazima wapungue mara 1,000 kufikia siku ya 7 na wasipande tena. Wanaotengeneza nyumbani hukwama hapa kwa sababu moja kubwa: wanachanganya maji na nta ya nyuki kwa kutumia boraksi, wanaweka kihifadhi cha sodiamu benzoeti, na hawapimi pH, yaani kipimo cha uchachu. Boraksi huipandisha pH hadi 8 na zaidi, na benzoeti inahitaji pH iliyo chini ya 5.5 hivi ili ifanye kazi. Kihifadhi kimo ndani, kimeandikwa kwenye lebo, na hakifanyi lolote.

Ukitoa marashi, ukabaki na nazi, shea, nta, manjano na karafuu, hakuna maji ya kulea vimelea na jaribio hilo kwa kawaida halihitajiki. Bado utapima idadi ya vimelea katika krimu iliyokamilika: visizidi 1,000 kwa gramu, na wale hatari niliowataja, ukiacha Aspergillus, wasionekane kabisa katika gramu moja. Kopo la mdomo mpana ni adui hapa, maana mteja huchovya kidole kibichi akitoka kuoga. Tumia tyubu. Neno "krimu" nalo litabidi uliangalie, kwa sababu kitu kisicho na maji si lazima kiangukie kwenye kiwango cha Kenya na Afrika Mashariki, KS EAS 786, kinachohusu krimu, losheni na jeli za ngozi. Uliza ofisi ya Mombasa ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, bidhaa yako inaingia kiwango kipi kabla hujachapisha lebo, na chukua pia KS EAS 346 inayosema lebo iandikweje.

Kipimo kinachofuata ni cha uthabiti, na sehemu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Tia krimu ya mpiko mmoja (bechi) kwenye vyombo vile vile utakavyouzia. Weka vingine kwenye friji, vingine kabatini, na vingine maabara kwenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu. Kila baada ya wiki mbili tazama rangi, nusa, pima uzito, na uangalie kama mafuta yametengana. Ya kwako najua itasumbua wapi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 26, kwa hiyo kwenye chumba cha hoteli chenye AC itakuwa ngumu, na ikifika kwenye mkoba ufukweni imekuwa maji. Ongeza nta kidogo kidogo hadi isimwagike kwenye nyuzi 40. Shea ikipoa polepole baada ya kuyeyushwa hutoa chembechembe kama mchanga, kwa hiyo ipoze haraka huku unakoroga. Manjano nayo hupauka kwenye mwanga, na yakikutana na sabuni hugeuka mekundu, jambo ambalo mteja atalikuta kwenye taulo jeupe la hoteli na wewe utalisikia siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, kabla mtu yeyote hajapakwa, mtaalamu wa usalama wa vipodozi hukaa na fomula yako kwenye karatasi. Anataka jina la kila kiambato na asilimia yake, cheti cha uchambuzi kutoka kwa aliyekuuzia, na namba ya bechi. Kwa losheni ya mwili Ulaya hukadiria mtu mzima hupaka gramu 7.82 kwa siku, sawa na miligramu 123 hivi kwa kila kilo ya mwili. Karafuu ikiwa asilimia 0.5, hiyo ni miligramu 0.6 kwa kilo kila siku, na yeye huilinganisha na kiasi kinachojulikana kutoleta madhara, akitaka nafasi ya angalau mara 100. Muuzaji wa mafuta asiyeweza kukupa cheti cha uchambuzi, mwache. Na wanyama hawahitajiki popote katika safari hii. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake ya kupima vipodozi kwa wanyama mwaka 2013.

Sasa tunafika mgongoni mwa mtu.

Kipimo cha msingi ni kibandiko cha saa 48. Kisahani kidogo cha alumini chenye kipenyo cha milimita 8 hutiwa krimu miligramu 20 hivi, kikabandikwa juu ya mgongo kwa plasta isiyoleta aleji. Pembeni yake huwekwa kisahani kitupu, na kingine chenye sodiamu laurili salfeti ya asilimia 0.5, ambayo inajulikana kuwasha. Kile kitupu kinaonyesha plasta yenyewe inafanya nini. Cha salfeti kinaonyesha ngozi ya mtu huyu inaweza kujibu na msomaji anaweza kuona. Ripoti ya watu 30 ambamo hata salfeti haikumgusa yeyote si ripoti ya kuiamini. Hubandikwa Jumatatu, hubanduliwa Jumatano, ngozi ikapumzika nusu saa ndipo isomwe, kisha husomwa tena Ijumaa. Usikubali kipimo kinachoishia Jumatano. Muwasho wa kawaida hukaa ndani ya duara la kisahani na Ijumaa unakuwa umefifia. Aleji huvuka mpaka wa duara, hutoa vipele, na Ijumaa huwa imezidi. Anayesoma mara moja tu hawezi kuzitofautisha, na kwako hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu ya yule mwenzako wa shingo.

Krimu yako ina shida mbili za usomaji. Manjano hutia doa, na chini ya doa wekundu hauonekani, kwa hiyo agiza bechi ndogo isiyo na manjano ibandikwe sambamba na ile kamili. Ya pili ni rangi ya ngozi. Mizani ya alama inayotumika imejengwa juu ya wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi muwasho huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na mdogo hauonekani kabisa. Msomaji anayejua kazi hupitisha ncha ya kidole kutafuta mwinuko, humulika tochi kwa ubavu ili vipele vitoe kivuli, na hulinganisha na kisahani kitupu. Muulize daktari wa ngozi utakayemwendea husoma vipi. Akikujibu "naangalia tu kama pamekuwa pekundu", tafuta mwingine. Vivyo hivyo ukituma sampuli kwenye maabara ya nje, uliza kundi lao lina watu wangapi weusi. Ripoti ya watu 50 weupe si ya uongo, ila haisemi mengi kuhusu wateja wako wa Kongowea.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Kaskazi ikipamba moto, Januari hadi Machi, plasta huelea kwenye jasho na visahani vingine hutoka kabla ya saa 48. Panga kazi hii kati ya Juni na Agosti. Mgongo hauoshwi siku zote mbili. Kutawadha hakuna shida, bali josho, yaani kuoga mwili mzima kwa ibada, haliwezekani, basi mwanamke anayetarajia kumaliza hedhi na kutoharika katikati ya wiki apangiwe wiki nyingine, na jambo hilo aulizwe na muuguzi wa kike faraghani, sio mbele ya foleni. Kisha waje na makopo ya mafuta wanayotumia nyumbani. Mkorogo mwingi wa kujichubua una klobetasoli ndani, steroidi kali inayozima mwitikio wa ngozi. Mtu aliyeupaka mgongoni wiki iliyopita atatoka "salama" na kipimo chako kitakudanganya. Anayemeza predinisoloni, steroidi ya vidonge, vivyo hivyo. Wajawazito na wanaonyonyesha hawaingizwi. Aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko nyeusi ya kujichora mweke kando pia: kemikali ya piko ni nyingine, lakini ngozi iliyokwisha kuamshwa na aleji huweza kutoa vipele visivyo vya krimu yako.

Utasikia pia habari za kipimo kirefu cha kurudia vibandiko: mara tisa kwa wiki tatu mahali pale pale, mapumziko ya wiki mbili hivi, kisha kibandiko kimoja mahali papya ili kuona kama mwili umejifunza kuikataa krimu. Huchukua kama wiki sita na watu kuanzia 50 hadi 200. Mimi kwa bidhaa yako ya sasa nisingekishauri. Kinaweza kumpa mtu mzima aleji atakayokaa nayo maisha yake yote, na wapo wataalamu Ulaya wanaokipinga kwa sababu hiyo. Hakifai kutumiwa kugundua jambo ambalo tayari linajulikana kuhusu karafuu. Shusha kwanza karafuu, fanya kibandiko cha saa 48 kwa watu 30 hadi 50, halafu matumizi ya kawaida nyumbani kwa wiki nne chini ya daktari wa ngozi, akiwatazama mwanzo, kati na mwisho. Kwa duka la hoteli hiyo ni karatasi nzito ya kutosha.

Usifanye lolote kati ya hayo kienyeji. Kupima watu kunataka idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, pamoja na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ndani yake iandikwe wazi kwamba doa jeusi linaweza kubaki mgongoni miezi kadhaa hata baada ya muwasho kwisha. Picha za migongo na majibu ya afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo hazikai kwenye simu wala hazirushwi kwenye WhatsApp ya kikundi.

Tukija kwenye "inalainisha", hili ndilo neno lako rahisi. Watu 20 hadi 30, mkono mmoja unapakwa na wa pili unaachwa mtupu, upande ukichaguliwa kwa bahati nasibu. Kiasi ni miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Unyevu wa ngozi hupimwa kwa mashine kama Corneometer kabla ya kupaka, kisha baada ya saa 2, 4, 8 na 24. Chumba kiwe na nyuzi 20 hadi 22 na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, na mtu akae humo nusu saa bila kitu mkononi ndipo apimwe. Chumba kisicho na AC hapa Mombasa hakipimi chochote, kinapima jasho. Uliza pia kama watatumia kifaa cha kupima maji yanayotoka kwenye ngozi, kwa sababu bidhaa isiyo na maji huacha utando wa mafuta ambao mara ya kwanza unaweza hata kuishusha namba ya unyevu. Ukipimwa baada ya nusu saa pekee, utaambiwa inakausha.

"Inaondoa madoa" lifute. Kulithibitisha kunataka wiki 8 hadi 12, krimu ya kulinganisha isiyo na kiambato chako, picha za mwanga ule ule kila mara, na ulinzi wa jua kwa wote. Ukidai unatibu madoa ya ugonjwa, umetoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa, na Bodi ya Dawa na Sumu itakuwa na maswali. Tena neno hilo pamoja na "inang'arisha" litakufanya ushukiwe zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kujichubua, ukajikuta unalipia vipimo vya kujitakasa. Kama unachomaanisha ni kwamba ngozi inang'aa kwa mafuta, andika "huacha mng'ao" na litaeleweka. Kinga ya jua nayo usiiguse, nazi haina kinga ya kuandikia namba.

Ukipewa ripoti, itazame kabla hujaifikisha Diani. Iwe na jina la fomula na namba ya bechi, idadi ya walioanza na waliomaliza, umri na rangi za ngozi, mbinu, saa za usomaji, na kila mwitikio uliotokea hata mdogo. Karatasi nzuri yenye muhuri iliyosema "imepimwa na daktari wa ngozi" bila hayo haisemi hata kama ilifaulu; kupimwa na kufaulu ni mambo mawili. Weka kopo mbili za kila bechi kabatini hadi muda wake uishe.

Na lalamiko la kwanza likija, maana litakuja, chukua kopo lenyewe kutoka kwa mteja, sio jingine la aina hiyo. Andika bechi, sehemu aliyopaka na siku alizotumia, simamisha bechi hiyo dukani, na umpe daktari wake orodha kamili ya viambato na asilimia zake siku hiyo hiyo. Mwongezee na chupa ndogo za kila kiambato peke yake, kwani daktari akijua ni karafuu, shea au nta iliyomdhuru, mtu huyo atajua nini cha kuepuka hata kwenye bidhaa za wengine.